Diski ya Pili

Mjomba Halfani alimtuma diski moja kubwa ya kompyuta. Hajra alijua, tangu alipovuka kizingiti cha duka la Shaibu pale Nachingwea, kwamba hatarudi nayo.

Duka lilikuwa chumba kimoja nyuma ya mafundi cherehani. Shaibu alikuwa akinunua Dar es Salaam kompyuta zilizochoka maofisini, anazileta kwa lori, anazichinja, kisha anauza kiungo kimoja kimoja kama mwenye bucha. Nyaya zilining'inia ukutani, makasha matupu yamelala sakafuni vinywa wazi. Mpaka saa ile Hajra alikuwa amekwisha kuchagua karibu kila kitu, na alichagua kwa jicho la mtu asiyenacho. Alichukua kasha lisilo na mfuniko wa ubavuni, maana mfuniko hauchapishi picha. Alichukua kioo chenye doa la kijani pembeni, na kibodi iliyofutika herufi, kwa sababu vidole vyake vilizijua herufi bila kuzisoma. Pesa alizopunguza huko kote alikuwa akiziwekea diski.

"Hili hapa ndilo dume," alisema Shaibu, akaiweka mezani taratibu. "Giga themanini. Ukiijaza hii, dada yangu, ujue umepiga picha mpaka mbuzi wa Mandawa."

"Na zile pale?"

"Zile arobaini arobaini. Za nini? Mjomba wako alinipigia simu mwenyewe, akasema kubwa. Alivyolitamka hilo neno, mate yaliruka mpaka huku."

Hajra hakucheka, ingawa akilini alimwona Mjomba kabisa akiishika simu kwa mikono miwili. Aliomba diski zote ziunganishwe umeme, moja baada ya nyingine. Kila ilipoanza kuzunguka aliinamisha kichwa, akatega sikio.

"Unasikiliza nini, taarabu?"

"Nasikiliza kama inakohoa."

Moja ya zile za arobaini ilikohoa kweli, akaisukuma kando. Shaibu akamtolea mbili zinazofanana kama mapacha, zote safi, zote kimya. Hajra alizigeuza, akasoma maandishi ya mgongoni, akamrudishia moja.

"Hizi zimetoka kiwanda kimoja, mwezi mmoja. Kama kiwandani walikosea, wamezikosea zote. Nipe zisizojuana."

Shaibu alimtazama kwa mara ya kwanza kama mteja. "Sikiliza, dada. Ukibeba mbili, mashine ya kuchomea CD inabaki hapa dukani. Mjomba wako hajakupa za kutosha vyote. Chukua dume, chukua na mashine. Akiba si utaweka kwenye CD?"

Hilo lilikuwa neno la mtu anayejua kazi yake, na Hajra alilipima kwanza. Alizifikiria CD za bei rahisi zilizokuwa zikiuzwa kila kona. Chuoni, alikosomea stashahada yake ya kompyuta, aliwahi kufungua sanduku la mwalimu wao baada ya masika moja na kukuta CD zimebanduka ngozi kama mtu aliyeungua na uji. Alizifikiria na picha zenyewe. Mjomba alikuwa na studio ya picha Ruangwa tangu Hajra hajazaliwa. Mavuno ya korosho yaliyopita alikuwa ameitupa kamera ya filamu na kununua ya kidijitali, na tangu hapo alikuwa akitembea kama bwana harusi. Lakini Hajra alikulia mlangoni mwa studio ile. Alikumbuka mama mmoja wa Chinongwe aliyekuja analia, nyumba imeungua, mwanawe amekufa, picha aliyopigwa akimaliza darasa la saba imekwenda na moto. Mjomba aliingia ndani, akafungua kopo la biskuti alimohifadhi negativu, akazinyanyua dirishani ukanda mmoja mmoja, mpaka yule kijana akaonekana, uso mweusi umekuwa mweupe na meno meupe yamekuwa meusi. Wiki ile ile mama alirudi Chinongwe na mwanawe mkononi.

Kamera mpya haikuwa na negativu. Picha ikiishi mahali pamoja, inakufa mahali hapo hapo.

"Nifungie mbili," alisema Hajra. "Mashine ya kuchomea kaa nayo."

Alirudi Ruangwa juu ya magunia ya ufuta, kwenye lori, diski zimefungwa kwenye khanga na khanga imelala mapajani. Kila lori lilipoingia shimoni alizinyanyua hewani kwa mikono yote miwili, na wanawake aliopanda nao wakamuuliza kama ni mayai ya bata.

*

"Nilikutuma ng'ombe," alisema Mjomba Halfani, "umeniletea mbuzi wawili."

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna mtu wa Ruangwa aliyewahi kuyaona. Mama yake Hajra, Bi Fatma, alikuwa kizingitini akipepeta mchele, amekaa hapo kwa makusudi. Kaka yake ndiye aliyemsomesha binti. Kwa desturi yao mjomba ndiye mwenye mtoto, na neno lake haligeuzwi na mtu, hata na baba mzazi.

"Picha zetu hazitaijaza ya arobaini leo wala kesho, Mjomba. Ile kubwa ingejaa miziki na sinema za watu."

"Na miziki ndiyo petroli ya jenereta! Vijana wanataka kuchomewa CD, Hajra. Maharusi wanataka video. Mashine ya kuchomea iko wapi?"

"Imebaki Nachingwea."

"Imebaki Nachingwea," Mjomba alimwambia dada yake, kama anayemtafsiria. "Haya, na huyu mbuzi wa pili kazi yake nini?"

Hajra alichuchumaa mbele yake. "Zamani picha ilikuwa kwa mteja, negativu iko kwako kwenye kopo. Sasa kopo limekufa. Hii moja itakaa ndani ya kompyuta ifanye kazi. Hii nyingine itapewa nakala ya kila kitu, halafu itatolewa, ikakae mbali. Hii ndiyo negativu yetu."

"Kwa hiyo kazi yake ni kukaa."

"Ndiyo kazi yake."

"Basi niandikishe na mimi kazi hiyo, naiweza." Bi Fatma alicheka, Mjomba mwenyewe hakucheka. "Umenivunjia neno langu kwa hela yangu. Sawa, wewe ndiye uliyesoma. Lakini mwaka ukiisha hiyo diski yako imekaa tu, utapiga magoti hapa, mama yako anaona, uniombe radhi."

"Mwaka ukiisha imekaa tu, Mjomba, nitamshukuru Mungu."

Tangu siku hiyo kila Alhamisi jioni, kabla jenereta haijazimwa, Hajra aliunganisha diski ya pili, akanakili humo picha za wiki, akaichomoa, akaifunga kwenye khanga na kuipeleka kwa mama yake, upande wa pili wa uwanja wa mpira. Huko ililala kwenye ndoo yenye mfuniko juu ya kabati. "Mgeni wako kaja kulala?" Bi Fatma alikuwa akiuliza, na Hajra anajibu kwamba mgeni hana makuu, hali wala hanywi. Na kila aliyeingia studio aliambiwa jambo moja: kasha hili likiwa linanguruma, usiliguse. Ndani yake kuna sahani inazunguka mbio, na kidole cha chuma kinaelea juu yake. Ukilitikisa, kidole kinakwaruza sahani, na kilichoandikwa kimekwenda. Likizimwa, hata ulipande. Watu waliitikia kwa heshima wakamwona kapungukiwa akili kidogo.

*

Bibi Mwantumu, mama yao Halfani na Fatma, hakuwa mtu wa kupigwa picha. Mwanawe alikuwa na studio na yeye alikuwa na picha moja tu, ya kadi ya kupigia kura, amekunja uso kama anadaiwa. Kisha kamera mpya ikaja, na asubuhi moja Bibi alikuwa uani akibangua karanga alipoingia mzee mmoja wa Nanganga, jina lake Kaimu.

Kaimu alikuwa mtani wao, kwa utani wa ukoo, ule ambao babu zao waliurithi kwa babu zao. Mtani anakutukana, anakunyang'anya kitoweo jikoni, anacheka msibani mwako, na wewe ruhusa huna ya kununa. Kwa miaka mingi Kaimu na Bibi Mwantumu walikuwa wakisalimiana kwa namna moja.

"Wewe mchawi, bado hujafa?" aliuliza Bibi.

"Nakusubiri wewe. Nimeapa sifi kabla sijala ubwabwa wa arobaini yako," alijibu Kaimu, akachota karanga zote Bibi alizokwisha kubangua, kiganja kikajaa, akaanza kuzitia kinywani. Bibi akacheka, kichwa nyuma, lile jino lake moja la mbele limetoka hadharani. Hajra alikuwa amesimama na kamera mkononi, akabonyeza. Ilikuwa picha moja tu. Bibi aliponyanyua macho alimrushia Hajra ganda la karanga, na hakukubali tena.

Miezi michache baadaye Bibi alilala mchana akiwa na homa, hakuamka.

Siku ya arobaini walikuja nyumbani kwa Mjomba, penye studio, watu kutoka Mandawa, Chinongwe na Nanganga, na wengi wao walikuwa wamesikia habari ya ile picha. Hitima ilipokwisha kusomwa na masinia ya ubwabwa yakaanza kupita, Mjomba alimwambia Hajra aitoe kompyuta barazani, wageni wamwone Bibi. Hajra alisita. Tangu Jumatano, aliporudi kupiga picha Chinongwe, hakuwa ameshika kazi yake, Alhamisi ilimpita akichambua mchele. Lakini aliwaona wazee wanawake wamejipanga tayari kwenye mkeka, wamekaza macho mezani ambapo hapakuwa na kitu bado. Akaitoa. Waya mrefu ukavutwa kutoka kwenye jenereta nyuma ya nyumba, kasha likanguruma, na Bibi Mwantumu akatokea kwenye kioo, mkubwa kuliko alivyokuwa, anacheka. Baadhi ya wanawake walijifunika nyuso. Mmoja alimsalimia.

Hapo ndipo Kaimu alipopanda barazani. Alikuwa amevaa gauni la kike juu ya suruali na kujifunga khanga kiunoni, kama watani wavaavyo wanapomwigiza marehemu, na watu walianza kucheka kabla hajasema neno. Alisimama mbele ya kioo. Akamtazama Bibi kwa muda mrefu kidogo kuliko utani unavyotaka.

"Kumbe mmemficha humu!" alipiga kelele. "Mimi namtafuta kaburini, kumbe mchawi yuko sandukuni anakula umeme!"

Akainama, akalikumbatia kasha, akajitwika kichwani. Akaanza kucheza.

"Nimemkamata! Mtamkomboa kwa jogoo! Na jogoo mwenyewe awe mnene, maana huyu bibi mzito!"

Baraza zima lilikuwa linacheka. Mjomba Halfani alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, ametia mkono mfukoni atafute cha kukombolea, kama desturi inavyotaka. Juu ya kichwa cha Kaimu kasha lilikuwa bado linanguruma, linaruka naye, linashuka naye.

"Weka chini!" Sauti ya Hajra ilipasua kila kitu. "Weka chini, mzee mjinga wewe!"

Kaimu aligeuka kwa kushtuka. Waya ukakazika, ukachomoka, kasha likamponyoka kichwani, likagonga nguzo ya baraza kabla hajalidaka. Kioo kikawa cheusi.

Hakuna aliyecheka tena, na si kwa sababu ya kompyuta. Watu walikuwa wakimtazama Hajra. Kila mtu pale alikuwa ameisikia sauti yake na alijua haikuwa ya utani. Kaimu aliliweka kasha mezani polepole, akafungua khanga kiunoni, akavua lile gauni, akalikunja. Aliondoka bila kula.

*

Mchana ule ule, wageni wakiwa bado barazani, Hajra aliwasha kompyuta ndani ya studio. Tak, ilisema diski. Tak, tak, tak, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Akaizima, akaiwasha tena. Tak.

Mjomba Halfani alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi. "Ndiyo nini hiyo?"

"Imekufa, Mjomba."

"Yote?"

"Yote."

Mjomba aliketi kwenye kiti cha wateja mbele ya maporomoko. Hakuuliza harusi, hakuuliza picha za wanafunzi. "Na mama?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Hajra alikuwa amekwisha kutoka. Alivuka uwanja wa mpira, akapanda juu ya kiti, akateremsha ndoo. Alirudi bila kukimbia, kwa sababu alikuwa na kitu mkononi. Alifungua skrubu za ile iliyokufa, akaweka ya pili mahali pake, akabonyeza. Ilizunguka kimya. Bibi Mwantumu alirudi, kichwa nyuma, jino nje, na pembeni mwa picha ulionekana mkono wa mtu umejaa karanga.

Mjomba alikitazama kioo mpaka akachoka. Neno la radhi halikumtoka, na Hajra hakulitegemea. Alisema tu, "Kuna kilichopungua?"

"Picha za Chinongwe za wiki hii. Sikunakili Alhamisi. Nitakwenda kwa baiskeli niwaambie zimepotea, niwapige picha upya."

"Sawa." Alivaa kofia. "Lakini Kaimu hakula."

"Najua."

"Mtani ameondoka kwenye arobaini ya mama yangu hajala. Miaka yote hiyo walivyoishi, halafu anaondoka hajala! Ijumaa baada ya sala nitamwita. Utamwomba radhi mbele yangu na mbele ya mama yako. Ukishindwa, funguo za studio utaniachia."

Njia nzima ya kwenda Chinongwe, na ya kurudi, Hajra alilipima jambo lile. Studio ile ndiyo iliyokuwa kazi yake, hakuwa na nyingine, wala Ruangwa haikuwa na nyingine ya kumpa mwanamke mwenye stashahada ya kompyuta. Neno lenyewe lilikuwa dogo, lingemtoka kwa pumzi moja. Alilijaribu peke yake barabarani, na kila alipolijaribu aliisikia diski ikigonga.

*

Ijumaa Kaimu alikaa kwenye mkeka, mgongo umenyooka, kanzu imepigwa pasi. Alikuja kama mgeni. Hata karanga zilizokuwa mbele yake hakuzigusa.

"Shikamoo, mtani," alisema Hajra.

"Mtani? Leo mimi mtani, au mzee mjinga?"

"Vyote viwili."

Bi Fatma alishika mdomo. Mjomba Halfani alifumba macho. "Hajra," alisema kwa upole wa kutisha, "nimemwita mzee wa watu asikie neno moja tu."

"Na mimi nina la kumuuliza, Mjomba, kama utaniruhusu." Akamgeukia Kaimu. "Bibi alikuita mchawi kila ulipotia mguu hapa. Alikuomba radhi lini?"

Kaimu alitikisa kichwa. "Hakuniomba."

"Wewe ulimnyang'anya kitoweo, ukamzika angali hai. Ulimwomba radhi lini?"

"Kwa mtani haiombwi," alisema Kaimu. "Lakini yeye hakunikasirikia. Wewe ulinikasirikia kweli. Niliisikia."

"Nilikasirika kweli. Ulimtikisa mpaka akafa mara ya pili." Hajra alitoa bahasha ya picha, akaiweka mbele yake. "Nilimweka na mahali pengine, ndiyo maana yupo. Nikikuomba radhi leo, nitakuwa nimekutoa kwenye utani, umekuwa mtu wa pembeni niliyemtukana. Utakuja hapa na kanzu ya pasi mpaka ufe. Sitaki."

Kaimu alifungua bahasha. Wote walimwona anavyotazama, na wote waliacha kumtazama. Kaimu aliweka kidole pembezoni mwa picha.

"Huu mkono wangu," alisema. "Mchawi huyu alinipiga mwishoni, hiyo haimo humu. Alinipiga kwa ungo." Kisha akauliza, sauti imeshuka, "Mlimweka wapi huko pengine?"

"Sisemi mbele ya mtani."

Mabega ya mzee yalianza kutikisika kwa kicheko alichokizuia. Lakini Mjomba Halfani alikuwa ametoa ahadi mbele ya dada yake, na hakuwa mtu wa kumeza ahadi. Alinyoosha kiganja. "Funguo, Hajra."

Hajra alifungua fundo la khanga, akatoa funguo za studio, akaziweka juu ya mkeka, kando ya picha.

Kaimu alikuwa mwepesi kuliko kanzu yake. Alizinyakua kabla kiganja cha Mjomba hakijafika, akazitumbukiza mfukoni, na kwa mkono ule mwingine akachota karanga zote za kwenye sahani.

"Nimezikamata," alisema, kinywa kimejaa. "Hazitoki mpaka nile ubwabwa wangu wa arobaini, na jogoo juu yake. Fatma, unangoja nini? Na zikitoka anapewa huyu huyu mwenye mdomo, nani mwingine anajua mlipomficha yule mchawi?"

Bi Fatma aliinuka kwenda jikoni, akicheka na kujifuta macho. Mjomba Halfani aliuangalia mkono wake mtupu, akaurudisha magotini.

Kaimu alimsogelea Hajra, akapunguza sauti kidogo. "Lakini kuniita mjinga mbele ya wakwe zangu wa Nanganga, binti! Hilo moja tu. Niombe kidogo, hata kwa kunong'ona, nikale kwa amani."

"Kula utakula, mtani," alisema Hajra. "Radhi siombi."